HOMA NA DAMU PUANI: TULIYOSEMA MKUTANONI

Ndugu wanaushirika,

Ya Julai 2022 kwa jirani zetu wa Ruangwa, kule Mbekenyera, hatujayasahau. Homa, kichwa kuuma, mwili kuchoka, damu kutoka puani. Wagonjwa 20, watatu wakafa. Tuliogopa Ebola, tukaogopa Marburg. Na wengine wetu, tusifichane, tulisema ni mkono wa mtu. Maabara ikasema siyo Ebola wala Marburg, ni homa ya mgunda.

Mgunda huletwa na bakteria. Mkojo wa panya na wanyama wengine huingia kwenye maji na tope, nasi twaupata kupitia kidonda, mdomo au macho. Na ghala letu la ufuta panya wamejaa, twajua wenyewe! Dawa ipo, antibaiotiki, lakini iwahiwe.

Marburg ni mambo mengine. Ilitokea Kagera mwaka 2023 ikaua watu 6, ikarudi 2025 Biharamulo. Hicho ni kirusi, huambukiza kwa damu na majimaji ya mgonjwa, hata ya maiti. Dawa yake iliyothibitishwa bado. Mgonjwa huongezewa maji na kutunzwa, na wapo waliopona.

Sasa nani atazijua kwa macho? Hata daktari mpaka apime. Kwa hiyo homa ikija na damu, zahanati siku hiyohiyo, na damu isiguswe kwa mikono mitupu.

Jumamosi asubuhi tunasafisha ghala. Tunyunyize maji kwanza, tusifagie vumbi kavu. Mwenye kidonda mguuni aje na buti.