Sadaka na Ukuta wa Jirani

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi katika ibada ya pamoja ya kumbukumbu ya miaka 30 ya kambi, 1994 hadi 2024)



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya upendo, ulio moyo wa imani yetu ya Kikristo. Kama wengi mnavyojua, hapa Dzaleka palikuwa gereza, ambamo serikali ya Kamuzu Banda iliwafungia wapinzani wake. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi, iliyopangwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Sasa tumepita 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Tumebanana. Paa la mmoja linamwaga maji kwenye ukuta wa mwingine. Kwa hiyo habari ya upendo tutaianzia kwenye ukuta.

Katika darasa la tatu tulikuwa na watoto wawili waliokataa kuketi benchi moja. Tulipouliza sababu, mmoja akajibu, "Mama amenikataza." Tulishangaa, kwa kuwa mama zao tunawaona kila Jumapili wakiimba kwaya moja, wamevaa kitenge cha sare moja. Tukawaita. Kumbe majirani hao walikuwa hawajasalimiana kwa miezi minane. Maji ya mvua kutoka paa la nyumba ya kwanza yalilowesha matofali mabichi ya nyumba ya pili, na usiku mmoja ukuta ukaanguka watoto wakiwa wamelala. Mungu aliwalinda, hakuna aliyeumia.

Mama wa nyumba ya kwanza akasema, "Mwalimu, mimi sina neno naye. Nimekwisha kumsamehe moyoni."

Mwenzake akainuka. "Anisamehe kwa lipi? Na huko kusamehe kwake moyoni kutausimamisha ukuta wangu?"

Sisi tuliosomea ualimu tulikosa la kujibu.

Jioni ile tulifungua Injili ya Mathayo, sura ya 5. Yesu anaeleza habari ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana lalamiko juu yake. Mtu huyo anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane, ndipo arudi kuitoa. Tuyaangalie mambo mawili.

La kwanza ni umbali. Maneno hayo yalisemwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100, mwendo wa miguu wa siku kadhaa. Mkulima wa Galilaya aliyeyasikia alijua maana yake: kurudi mpaka kijijini kwake, kisha kuipanda tena ile njia yote. Sisi jirani yetu yuko hatua kumi. Wapo tuliogombana nao tukawaacha Kivu, Bujumbura au Kigali. Hao hatuwezi kuwafikia leo, tunawaombea. Lakini huyu wa hatua kumi, tutajitetea kwa lipi?

La pili ni nani anayepaswa kutembea. Anayeambiwa aondoke madhabahuni ni yule anayelalamikiwa. Aliyekosewa hakuagizwa na Yesu mahali hapo amfuate mkosaji wake. Hapa sisi tumekosea mara nyingi. Mama anapigwa na mumewe, anatujia analia, nasi tunamwambia, "Mama, rudi nyumbani, vumilia, omba." Maneno hayo tumeyasema kwa vinywa vyetu, na leo tunayatubu mbele yenu. Mume ndiye mwenye sadaka ya kuacha. Aache kipigo, akiri kosa lake mbele ya mkewe na mbele ya wazee, na matendo yake yaonekane kwa muda. Mama akienda polisi au kwa wafanyakazi wanaoshughulikia ulinzi hajaikana imani yake, na jirani anayemsindikiza ndiye aliyempenda.

Vivyo hivyo sisi walimu: tukimdhalilisha mtoto mbele ya wenzake, ni sisi tunaopaswa kumwendea, ingawa ni mdogo. Nanyi ndugu wa mashirika, mkimjibu mzee kwa ukali kwenye foleni kwa sababu ya uchovu, hatua kumi hizo zinawahusu pia. Mkimrudia mkasema, "Mzee, samahani," hamtapungukiwa heshima machoni petu.

Turudi kwa wale mama wawili. Siku chache baadaye yule wa nyumba ya kwanza alibisha hodi kwa mwenzake, akasema, "Dada, maji yalitoka kwangu." Hakusema zaidi. Jumamosi waume zao walichimba mfereji kati ya nyumba, na vijana wa kwaya wakafyatua matofali. Mfereji ulimalizika asubuhi moja, na ugomvi ulikuwa umekula miezi minane. Hatusemi kwamba sasa ni marafiki wa kushibana. Wanasalimiana, na mvua ikinyesha mmoja humwita mwenzake wakazibue mfereji. Watoto wao wanaketi benchi moja, na penseli ikivunjika wanaazimana.

Ndugu zetu, kwaya zetu ni nzuri na maombi yetu ni marefu. Jumapili ijayo, kabla ya kapu la sadaka kupita, kila mmoja ajiulize: nani ana neno juu yangu? Akimkumbuka mtu, atoke aende. Wachungaji, msikasirike mkiona nafasi tupu kwenye mabenchi. Anzeni wimbo mwingine, muwangoje. Watarudi.

Mungu awabariki.