Binti Zetu Walioko Majumbani

 

Nimeombwa niseme juu ya kipato cha wanawake wanaotoka kwetu kuja mjini kulea watoto na kutunza wazee. Nitasema bila kuzunguka, kwa sababu baadhi ya waajiri wao tumo humu ukumbini.

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa anayerudi kwake jioni. Elfu sitini ni shilingi 2,000 kwa siku. Hata hiyo wapo wasioipata, maana binti akitoka kwetu tunamwita ndugu, hatumwiti mfanyakazi. "Huyu ni kama mwanangu." Haya, mwanao anaamka saa ngapi? Huyu yuko macho saa kumi na moja alfajiri, analala saa nne usiku. Mtolee saa tatu za kupumzika: kufikia Jumatano usiku ameshafanya saa 42, na sheria inataka 45 kwa wiki nzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumbagua. Inampa mkataba wa maandishi na likizo ya siku 28 yenye malipo. Chama cha CHODAWU kinamwandikisha kama mfanyakazi mwingine yeyote. Na mshahara apewe yeye, mkononi au kwenye simu yake, asitumiwe mjomba aliyempandisha basi.

Linaloniumiza zaidi ni kesho yake. Amelea mtoto wa watu miaka mitano, mtoto akianza shule kazi imekwisha, cheti hana. Hapo ndipo habari za Oman zinapomfikia. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2017 ilieleza Watanzania waliofika huko wakanyang'anywa pasipoti na kunyimwa mishahara.

Nyumbani milango ipo. Kasulu tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na vyuo vya aina hiyo, kupitia Elimu Haina Mwisho, hupokea wasichana walioacha shule, hata wenye watoto. Aliyefaulu sayansi kidato cha nne, Kabanga wanafundisha uuguzi.

Kwa hiyo naomba sehemu ya michango ya mwaka huu iwe ada ya mabinti waliotoka kwenye kazi za ndani. Fomu za ahadi ziko kwa Mhazini. Mwenye binti nyumbani achukue pia karatasi ya mkataba, ziko meza hiyo hiyo.