Mishipa ya Retina, Dawa ya Lupasi na Uzito wa Mgonjwa: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Lodwar na Kakuma



Jicho la mgonjwa wa lupasi aliyetumia dawa kwa miaka mingi linaweza kuwa na madhara ya aina mbili: ya ugonjwa na ya dawa. Hatua inayofaa kwa moja ni kinyume cha ile inayofaa kwa jingine. Tukiyachanganya, ama tutamnyima mgonjwa dawa inayomlinda, ama tutaendelea kumpa dozi inayompofusha polepole.

Katika lupasi, kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huupata ugonjwa huu kwa ukali zaidi, hasa kwenye figo. Mionzi ya jua huuchochea. Mama anayechota maji Lodwar saa sita mchana yumo hatarini, na hilo tumweleze tunapompa dawa.

Tuanze na mishipa. Lupasi inapowaka, mishipa midogo ya retina huvimba au kuziba. Ukipanua mboni na kuchungulia kwa oftalmoskopu, utaona madoa meupe kama pamba, matone ya damu, pengine ateri iliyosinyaa. Wagonjwa wenye kingamwili zinazogandisha damu ndio wanaoziba zaidi. Mambo haya hutuambia kwamba ugonjwa haujadhibitiwa, na mara nyingi figo au ubongo navyo vimeguswa. Pima presha na mkojo siku hiyo hiyo. Presha ya juu peke yake huleta madoa hayo hayo, na virusi vya UKIMWI pia, kwa hiyo yote mawili yachunguzwe kabla lupasi haijalaumiwa. Hapa mgonjwa anahitaji tiba zaidi. Kumwachisha dawa kwa sababu "macho yameharibika" ni kumwongezea hatari.

Dawa ninayoisema ni haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini ambayo wazee wetu waliimeza kwa malaria hadi Kenya ilipoiacha kama tiba ya kwanza mwaka 1998. Hupunguza milipuko ya ugonjwa na kuganda kwa damu, hurefusha maisha, na mjamzito huendelea kuitumia. Sumu yake haianzii kwenye mishipa. Huua chembe zinazopokea mwanga kuzunguka kitovu cha retina, yaani makula, na kilichokufa hakirudi. Mwanzoni mgonjwa halalamiki. Anaweza kusoma mstari wa 6/6 ukutani huku pete ya upofu imeshaanza kujichora. Ndiyo maana ubao wa herufi hautoshi kumfuatilia.

Kuna utafiti unaozihusu pande zote mbili. Kipimo cha OCT angiografia huchora kapilari za retina bila sindano ya rangi. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba mtandao huo umepungua kwa wagonjwa wa lupasi ambao macho yao yanaonekana salama kwa uchunguzi wa kawaida. Baadhi zimekuta upungufu mkubwa zaidi kwa waliotumia dawa muda mrefu, nyingine hazikuona tofauti hiyo. Mimi nasita kuilaumu dawa: aliyeimeza miaka kumi na mitano ameugua pia miaka kumi na mitano au zaidi. Kupungua kwa kapilari, peke yake, si sababu ya kusimamisha dawa.

Sasa uzito, ambao kwetu ndio kiini. Mwaka 2014, Ronald Melles na Michael Marmor walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 2,361 wa California. Kwa waliotumia miligramu 4 hadi 5 kwa kila kilo kwa siku, hatari ya retina kudhurika ilikuwa chini ya asilimia 2 katika miaka 10 ya kwanza, ikakaribia asilimia 20 baada ya miaka 20. Mwongozo wa madaktari wa macho wa Marekani wa 2016 uliweka kikomo cha miligramu 5 kwa kilo, kwa uzito halisi wa mgonjwa.

Kidonge kina miligramu 200. Mwandikie viwili kwa siku mama wa kilo 45, na atakuwa anapata karibu miligramu 9 kwa kilo. Anachostahili hakipiti miligramu 225. Sasa ukumbuke ukame wetu hapa Turkana wa 2020 hadi 2023, misimu ya mvua ilivyokatika mmoja baada ya mwingine na mifugo ikafa. Mtu alikonda, dozi kwenye kadi ikabaki ile ile. Kwa mgonjwa wa Turkana, mizani ni chombo cha kulinda macho. Apimwe kila anapokuja kuchukua dawa, na dozi ihesabiwe upya. Figo zikidhoofika, dawa hukaa mwilini zaidi na hatari hupanda, kwa hiyo kreatinini nayo isisahaulike.

Mwongozo huo unataka retina ichunguzwe ndani ya mwaka wa kwanza wa dawa, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano, mapema zaidi kwa wenye ugonjwa wa figo. Kipimo chenyewe ni OCT, yaani picha ya matabaka ya retina, pamoja na kipimo cha uwanja wa kuona, na kukipata maana yake ni safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Eldoret. Safari hiyo haikwepeki kwa mgonjwa wa miaka mingi. Uchunguzi wa kwanza, hata hivyo, unaweza kufanyika hapa. Kifaa cha kupiga picha ya retina kwa simu kilijaribiwa Nakuru na timu ya Peek, na picha zake zilisomeka vizuri.

Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, ina ugumu wake. Mkimbizi huhamia makazi ya Kalobeyei, au hupelekwa nchi ya tatu, na faili hubaki nyuma. Daktari atakayempokea atauliza dawa ilianza lini. Apewe kadi ya kutembea nayo, yenye mwezi na mwaka wa kuanza, dozi, uzito wa kila ziara, kreatinini na picha ya kwanza ya retina. Barua ya rufaa ya Eldoret nayo ibebe mambo hayo hayo, na iseme wazi kama tunashuku mishipa au makula. Mwenye damu kwenye retina au aliyepoteza uoni ghafla asafiri siku hiyo. Mwenye shaka ya makula anaweza kusubiri miadi, dozi yake ikiwa imerekebishwa, na uamuzi wa kuacha dawa ufanywe na daktari wa macho pamoja na anayemtibu lupasi.