Jaha na Nuru: Kuitazama Filamu ya Mountains of the Moon Tukiwa Tabora



Naomba ruhusa niseme juu ya filamu ya Bob Rafelson, Mountains of the Moon, iliyotolewa mwaka 1990, kwa kuwa habari inayoisimulia ilipita mlangoni petu: Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza waliotafuta chimbuko la Nile, waliwasili Kazeh, jirani na mji huu, mwezi wa Novemba 1857, wakakirimiwa na wafanyabiashara wa Kiarabu.

Mpiga picha wake, Roger Deakins, anatutoa katika jua kali la nyika na kututia katika kumbi za Uingereza, hata tukaona kwa macho kwamba taabu yachumwa huku na jaha yagawiwa kule. Katika filamu nyingine ya mtafuta jaha, Barry Lyndon ya mwaka 1975, Stanley Kubrick na John Alcott walipiga picha baadhi ya vyumba kwa nuru ya mishumaa mitupu, na uzuri huo ukatufanya tumvumilie laghai apandaye daraja. Rafelson ana hila nyingine: dundu anapoingia sikioni mwa Speke, nyika yote inasahauliwa, tukabaki na mtu na maumivu yake, basi tunamhurumia kabla hatujamhukumu.

Na hukumu yake si nyepesi. Mwezi wa Julai 1858 Burton alibaki Kazeh, Speke akashika njia ya kaskazini, na tarehe 3 Agosti, karibu na Mwanza, akaliona ziwa kuu. Hakulizunguka, wala hakuona mto utokao humo. Walakini aliporejea Kazeh tarehe 25, mara baada ya kifungua kinywa, alitangaza kwamba amepata chimbuko la Nile. Alisadifu, ingawa kwa kukisia. Mwezi wa Mei 1859 alimtangulia mwenzake kufika London, akatangaza habari hiyo, na sifa ikamwendea yeye. Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton juu ya chimbuko hilo mjini Bath, akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Mtu wa namna hii hatuwezi kumwita shujaa wala mwovu, maana tamaa ile ile iliyomfikisha kwenye kweli ndiyo iliyomvunjia uaminifu.

Walakini filamu ilipigwa Kenya na Uingereza. Miembe ya njia yetu haimo. Wapagazi nao wamo kama mstari mrefu chini ya mbingu, ilhali kila mmoja katika mstari ule alikuwa na jina, na begani mwake mzigo wa takriban frasila mbili, akimfuata kirangozi aliyeijua njia kabla ya wageni kuiandika. Na mkalimani Sidi Mubarak Bombay ndiye aliyekuwa ulimi wa Speke, kwani walisemezana Kihindustani. Pasipo yeye, tamaa ya Speke ingekuwa bubu.

Kwa hiyo nawaomba, walimu wenzangu, mtakapowaonyesha wanafunzi filamu hii, isimamisheni pale msafara unapopita, muwaulize: huu ni mzigo wa nani, na nani anaubeba? Kisha wapelekeni kwa miguu hadi tembe la Kwihara, nje ya mji huu, ili wajue kwa nyayo zao urefu wa njia ambayo kwenye sinema hupita kwa dakika moja.