Deni Katika Nyumba ya Mwanafunzi wa Nabii

Somo letu la Jumapili ya leo limo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tangu mstari wa 1 hadi wa 7. Walio na Biblia karibu na wafungue; wanaotusikiliza wakiwa jikoni au njiani, tutawasimulia.

Mwanamke mmoja alimwendea nabii Elisha akilia. Mumewe alikuwa miongoni mwa wana wa manabii, yaani wale waliojikusanya chini ya nabii wapate kufundishwa naye. Sasa mume amekufa, na nyuma yake ameacha deni. Mdai amefika, wala hakufuata mbuzi wala godoro. Amekuja kuwachukua watoto wawili wa kiume wawe watumwa wake.

Somo hili tumelihubiri mara nyingi, na mara nyingi tumekimbilia mafuta, kwa kuwa sote twapenda mwujiza. Leo twaomba tusimame kwanza mlangoni pa mjane, kabla mafuta hayajaanza kumiminika, tuulize: deni lile lilitoka wapi? Maandiko hayasemi kwamba marehemu alikuwa mlevi au mbadhirifu. Yanasema alimcha Bwana, na kwamba Elisha mwenyewe alilijua hilo. Alikuwa mwanafunzi wa mambo ya Mungu mwenye mke na watoto. Hatuwezi kuapa kwamba deni lilitokana na masomo. Lakini yeyote aliyewahi kusoma huku watoto wake wakingoja unga anajua jinsi deni linavyobisha hodi: leo kidogo dukani, kesho kidogo kwa jirani, na mtondo hesabu imekuwa mlima.

Sisi wa Unguja hatuhitaji kuelezwa maana ya mtoto kuchukuliwa kwa sababu ya mali. Pale Mkunazini, katika Mji Mkongwe, watu waliuzwa sokoni hadi mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga soko lile. Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la ndugu zetu Waanglikana, mahali palepale. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1864, Sultani Majid alikuwa amemkabidhi Askofu Tozer watoto watano waliokombolewa katika jahazi la watumwa. Watoto wale, na wengine waliowafuata, walilelewa na kusomeshwa, na baadaye Kiungani pakawa chuo cha walimu na watumishi wa kanisa. Walisoma, na tena walifanya kazi. Wako waliofundishwa kupanga herufi za chapa katika kiwanda kidogo cha misheni. Kutoka katika malezi hayo alitokea Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtoto mtumwa, akapewa ukasisi hapa Unguja mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile.

Majaliwa hakulipa ada. Wala hakuwa na baba wa kuuza ng'ombe wala shamba. Gharama ilibebwa na Wakristo wa Uingereza, wengi wao watu wasiojulikana, waliotoa sadaka zao bila kutazamia kuuona uso wake. Sisi Walutheri twaweza kusema kwamba hiyo ni historia ya nyumba nyingine. Ni kweli, lakini ni ya mtaa wetu.

Chuo kile cha Kiungani kilihamishiwa Minaki, bara, katika miaka ya 1920. Tangu hapo kisiwa kilichowafundisha makasisi wa kwanza kimekuwa kisiwa cha kuvuka bahari. Kwa Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri, njia kuu imekuwa ya Makumira, karibu na Arusha, ambako chuo cha theolojia kilifunguliwa mwaka 1954, miaka 9 kabla makanisa 7 ya Kilutheri hayajaungana kuwa KKKT mwaka 1963. Utaratibu wake mnaufahamu. Kijana huonekana ana wito, usharika humpendekeza, dayosisi humpeleka. Neno lenyewe ndilo hilo: hupelekwa. Na aliyepelekwa ana wa kumwuliza habari zake. Msaada wake pengine huchelewa, pengine haufiki wote, lakini jina lake limeandikwa katika daftari la mtu fulani.

Iko na njia ya pili, ile tuiitayo elimu ya theolojia kwa enezi. Hapa mwanafunzi haendi kukaa chuoni. Masomo ndiyo yanayomfuata alipo. Anabaki na kazi yake na watu wake, anasoma kitabu usiku, anajibu maswali, na kwa vipindi hukutana na mwalimu pamoja na wenzake. Njia hii ilianzia Guatemala, Amerika ya Kati, mwaka uleule wa 1963, katika seminari ndogo ya Wapresbiteri. Waligundua kwamba watu waliokuwa tayari wanaongoza makanisa ya vijijini walikuwa wazima wenye familia na mashamba, wasioweza kuyaacha kwa miaka kadhaa. Basi wakaamua kumfuata mtu huyo kwake. Kutoka huko utaratibu ulienea duniani, ukafika na Afrika yetu.

Nasi hapa Unguja, tulio Wakristo wachache na tuliotawanyika, njia hii ingetufaa kuliko wengi. Mtazameni mhudumu wa hoteli kule Nungwi au Kiwengwa, ambaye Jumapili yake hupangwa na msimamizi wa zamu. Mtazameni mama anayefundisha kipaimara, mwenye watoto wanne na mama mkwe mgonjwa. Nani atamwambia mama huyo afunge nyumba aende Arusha miaka mitano? KKKT ilikwisha kukubali mwaka 1990 kwamba wanawake wawekewe mikono ya uchungaji. Lakini mlango ukifunguliwa, na njia ya kuufikia ikawa ni ile asiyoweza kuipita, kwake ni kama haujafunguka.

Twasema ingetufaa. Kwa nini hatusemi inatufaa? Hapa yatupasa kuungama jambo.

Yuko mwinjilisti tunayemfahamu, fundi seremala, mtu wa kutengeneza milango na masanduku. Hatutamtaja jina wala usharika. Mchana alikuwa na randa mkononi, jioni alikuwa na kitabu. Kila kipindi cha kukutana kilipofika, alipanda boti bandarini Malindi, akavuka kwenda Dar es Salaam. Boti ya kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, na watu husema safari ni fupi. Lakini nauli haipimwi kwa saa. Tena siku alizokuwa darasani hazikuwa na ujira, kwa kuwa fundi asiyekuwapo halipwi. Alileta ombi la msaada katika kamati, nasi tulikuwamo katika kamati hiyo. Tukalitazama ombi. Tukafungua orodha. Jina lake halikuwamo. Tukamjibu kwa upole sana, na upole huo ndio unaotuuma hadi leo, tukasema: ndugu, wewe hukupelekwa, umejipeleka.

Mwezi wa pili yake mmoja wetu alikwenda kwake kuagiza meza. Hakuwa na randa. Alikuwa ameiuza pamoja na msumeno, apate ada ya mtihani.

Mnaikumbuka habari nyingine ya wana wa manabii, katika sura ya 6 ya kitabu hikihiki? Walikuwa wakikata miti wajenge mahali pa kukaa, kwa sababu mahali pao palikuwa padogo. Mmoja wao shoka likamchomoka likazama mtoni, naye akalia kwa kuwa halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Mwanafunzi wa theolojia mwenye shoka la kuazima! Elisha hakumwuliza kwa nini hakununua lake, wala kama alikuwa na kibali cha kukata miti. Aliuliza limeangukia wapi. Sisi hatukuuliza hivyo.

Watu wengine watasema serikali inakopesha wanafunzi. Ni kweli, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Zanzibar ina bodi yake. Lakini bodi hizo ni za elimu ya juu. Mwinjilisti anayesomea cheti sebuleni kwake, chini ya taa, si yeye aliyekusudiwa. Wengine, na hao huwa watu wa kanisa, watamtaja Mtume Paulo aliyeshona mahema. Tumeona kwamba mahema ya Paulo hutajwa sana siku ile kanisa lisipotaka kutoa. Ni kweli alishona mahema kule Korintho, nyumbani kwa Akila na Prisila, Matendo sura ya 18. Lakini Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho, katika Waraka wa Kwanza, sura ya 9, kwamba waihubirio Injili wana haki ya kupata riziki kwa Injili. Kujinyima haki yako ni jambo moja. Kunyimwa na wenzako ni jingine. Tena tusome mbele kidogo. Apolo, yule msemaji hodari, alifundishwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi na nani? Na Akila na Prisila, mafundi wale wale. Hakupelekwa chuoni. Walimchukua kwao, na kwa kadiri tuwajuavyo watu wakarimu, hawakumwacha alale na njaa.

Naye Martin Luther, ambaye jina lake tumelibandika katika vibao vya makanisa yetu, alikuwa nani alipokuwa mwanafunzi mdogo? Alikuwa mmoja wa watoto waliopita mlango kwa mlango wakiimba ili wapewe mkate. Mwaka 1530, alipoandika kuwahimiza wazazi wawaweke watoto shuleni, aliwaonya wasiwadharau watoto wa namna hiyo, kwa kuwa naye alikuwa mwenzao.

Sasa na turudi kwa mjane. Elisha alimwuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Akamwambia aende akaazime vyombo kwa majirani wote, vyombo vitupu, wala visiwe vichache. Mafuta yalitoka kwa Bwana. Vyombo vilitoka mtaani. Na mafuta yalikoma chombo kilipokosekana, si kabla. Jirani maskini kabisa, asiye na tone la mafuta, alikuwa na mtungi mtupu wa kuazimisha.

Akina mama wetu wanaijua hesabu hii kwa jina la upatu. Kila mmoja hutoa kidogo, na zamu humfikia mwenye haja. Hatuoni kwa nini upatu wa akina mama wa usharika usiwe na zamu moja kwa mwaka ya mwanafunzi wa enezi. Na jirani zetu Waislamu wametutangulia karne nyingi: zimo nyumba katika Mji Mkongwe na yamo mashamba ya minazi yaliyowekwa wakfu, na mapato yake hutunza misikiti na elimu. Usharika wenye chumba cha kupangisha, au minazi mitano nyuma ya kanisa, waweza kufanya vivyo hivyo.

Yako na mengine madogo. Mhudumu wa hoteli anaweza kumshikia mwenzake zamu. Msharika aliye na ndugu Temeke au Magomeni anaweza kumwombea mwanafunzi mahali pa kulala. Mchungaji aliyestaafu ana vitabu vinavyoliwa na mchwa. Lakini tusijifiche nyuma ya vyombo vitupu: mwisho wa habari ile mafuta yaliuzwa, na deni likalipwa kwa fedha. Ada ya mtihani hailipwi kwa maombi peke yake. Na kwa maoni yetu isitolewe kama mkopo. Tukimkopesha mwinjilisti, tumekuwa mdai aliyesimama mlangoni.

Kamati yetu imekwisha kubadili daftari lake. Sasa lina ukurasa wa wanaosoma wakiwa kazini, na majina yaliyomo ni mawili, la mwanamume na la mwanamke. Randa imekwisha kununuliwa. Nauli za kipindi kijacho bado hazijatimia, na wazee wa kanisa watapokea kitakacholetwa baada ya ibada.

Tuombe. Ee Bwana, uliyesikia kilio cha mjane wa mwanafunzi wako, sikia na cha wanafunzi wetu wanaosoma usiku huu baada ya kazi. Uwavushe salama baharini, uwarudishe kwa watoto wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.