Nyumba za Kupanga: Tupime Kabla ya Kubomoa



Tunapotaja haki za mpangaji, mara nyingi twafikiria kodi na notisi. Leo twapenda kukumbusha haki nyingine: haki ya kujua kilichomo katika paa na kuta kabla fundi hajaanza kubomoa.

Hapa Kenya nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa asbesto. Paa likiwa zima, nyuzi zake hushikwa na saruji. Likikatwa kwa msumeno au kuvunjwa, hutoa vumbi lenye nyuzi zisizoonekana kwa macho. Anayelivuta haugui siku hiyo. Saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Rangi kuukuu nayo huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto atambaaye sakafuni.

Hapo ndipo penye suala la haki. Miaka hiyo ikiisha kupita, kibarua hatajua ni paa la nani lililomdhuru, na mwenye nyumba huenda hayupo tena wa kuulizwa. Wala hakuna mahakama iwezayo kumrudishia pumzi yake. Basi haki yake hulindwa kabla ya pigo la kwanza la nyundo.

Asbesto haithibitishwi kwa kuitazama tu. Mtaalamu huchukua kipande kidogo, nacho huchunguzwa maabara kwa hadubini. Pasipo kupimwa, tuhesabu kwamba ipo. Ikithibitika, wapangaji waondoke kwanza. Paa liloweshwe maji, lifunguliwe bila kuvunjwa, na vipande vifungwe ndani ya plastiki nzito. Kanuni za taka zaihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Kwa hiyo haibebwi kwa mkokoteni wala kutupwa bondeni, bali husafirishwa na mwenye leseni ya NEMA.

Twajua kwamba kupima kuna gharama. Lakini mwenye nyumba ndiye atakayeongeza kodi baada ya ukarabati. Si haki faida iwe yake na vumbi liwe la wengine. Tunawasihi wenye nyumba wapime. Nanyi wapangaji, ulizeni kwa pamoja na kwa maandishi. Nanyi mafundi, msipande juu ya paa kabla hamjaonyeshwa majibu ya maabara.