Unene si Cheti cha Afya

Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kakamega



Ripoti ya Mweka Hazina mmekwisha kuisikia. Tutazamapo hesabu zake twaona kwamba mfuko wetu hufunguka upesi kwa jeneza na matanga, bali kwa nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini hufunguka kwa shida. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kusema juu ya maradhi yanayofichwa sana majumbani, nayo ni saratani ya matiti. Katika Kenya hakuna saratani nyingine iwapatayo wanawake wengi kuliko hii. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wagonjwa wapya walikuwa karibu 6,800.

Huku kwetu mama akinenepa husifiwa, na mumewe husifiwa pamoja naye kwamba alitunza vema boma lake. Akikonda, majirani hunong'ona. Sifa hiyo ilikuwa na maana yake katika miaka ya njaa. Lakini leo twataka kuwaonyesha kwamba unene waweza kutudanganya mara mbili.

Mara ya kwanza ni hii. Tangu msichana avunje ungo hata hedhi ikome, jambo lijalo kwa wengi karibu na umri wa miaka 50, homoni iitwayo estrojeni hutengenezwa zaidi na ovari. Hedhi ikikoma, ovari hupumzika. Homoni hiyo, hata hivyo, haikatiki kabisa, kwa kuwa mafuta ya mwilini huendelea kuitengeneza. Na mafuta yakizidi, nayo huzidi. Estrojeni huzichochea chembe za titi kukua na kugawanyika, na saratani nyingi za titi za umri huo hustawi kwayo. Ndiyo sababu mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliiweka saratani ya matiti ya baada ya kukoma hedhi katika orodha ya saratani zinazotokana na unene.

Wala si kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Wauguzi wanawake wa Marekani, zaidi ya 87,000, walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Wale ambao baada ya hedhi kukoma walipunguza kilo 10 au zaidi wasizirudishe, nao hawakutumia dawa za homoni, walipatwa kwa kiasi pungufu ya nusu ya wenzao waliobaki na uzito ule ule.

Mtu atauliza, unene ni kiasi gani? Mama mwenye urefu wa mita 1.60 hufaa asizidi kilo 64. Akifika kilo 77 amekwisha kupita mpaka. Bibi zetu walipanda vilima na mtungi kichwani, wakala kunde, mrenda na mitoo. Sisi twapanda bodaboda kwenda sokoni, na chai yetu haikosi sukari nyingi na mandazi. Basi turudie jembe, miguu na mboga zetu, na pombe tuipunguze, kwani nayo huongeza hatari ya maradhi haya.

Mara ya pili unene hutudanganya hivi. Twangoja mgonjwa akonde ndipo tuamini kwamba ni mgonjwa. Lakini uvimbe wa saratani kwa kawaida huanza bila maumivu, mama akiwa bado mnene na mchangamfu, na katika titi kubwa waweza kuwa mgumu kupapaswa. Akianza kukonda, mara nyingi maradhi yamekwisha kuenea.

Wala mwembamba asijione salama. Kabla ya hedhi kukoma, hesabu ya uzito ni nyingine, na wembamba si kinga. Wanawake wa Afrika hupatwa wakiwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya, na wengi hupatwa kabla ya miaka 50. Hata wanaume hupatwa, ingawa ni wachache mno. Kwa hiyo uvimbe, ngozi ya titi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, ni jambo la kuonyeshwa mganga wa hospitali juma lile lile, awe mtu mnene au mwembamba, kijana au mzee.

Wazee wetu, neno lenu lina uzito bomani. Mama asiambiwe angoje mavuno, wala asiambiwe kwamba amerogwa. Mume asione haya kumsindikiza mkewe. Mama apunguzaye mwili kwa hiari yake asichekwe. Na Halmashauri yaomba mkutano huu ukubali kutenga sehemu ya michango kwa nauli na gharama za kupimwa, kabla ya kufikiria mbao za jeneza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Mwaka ujao Mweka Hazina asimamapo hapa, na asome majina ya mama waliofika hospitalini mapema na kurudi kwao, nao wawe wameketi kati yetu wakisikia.